Shaq au Hakeem: ami yako ana hoja, lakini si hiyo anayoitoa

SWALI: Assalamu alaykum, kocha. Nakuandikia kutoka Lamu, mtaa wa Langoni. Kila tukitoka swala ya isha huwa tunakaa barazani, na siku hizi ubishi ni mmoja tu: katika mpira wa kikapu wa Marekani, kati ya masenta wawili, Shaquille O'Neal na Hakeem Olajuwon, ni nani aliyetawala zaidi? Sisi vijana tuko kwa Shaq. Ami yangu, ambaye enzi hizo alikuwa akifanya kazi Mombasa na kuwatazama wote wawili kwenye kanda za video, hataki kusikia. Yeye asema Hakeem alimpiga Shaq nne bila kwenye fainali, tena akiwa amefunga Ramadhani, basi kesi imekwisha. Kuna na wanaosema hao wote ni wa kale, masenta wa leo ni Jokić na Embiid. Tuamulie. La mwisho: nina mdogo wangu wa miaka 15, nyumbani keshatupita sote kwa urefu. Amuige nani?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Msalimie sana ami, na kabla hajatabasamu mwambie kwamba hoja anayo, ila ameipachika mahali si pake.

Hukumu naitoa mapema, asiye na subira aichukue aende zake. Kwa kilele cha uwezo, yaani ile miaka mitatu ya 2000, 2001 na 2002, Shaq aliwatawala wapinzani kuliko Hakeem alivyowahi kuwatawala wakati wowote. Lakini ukinipa vijana wanne wa kawaida, ukaniambia niwaongezee senta mmoja, yaani yule mrefu wa karibu na kikapu, kisha nilete kombe, namchukua Hakeem na wala sisiti. Haya ni maswali mawili, na nahisi nusu ya kelele za barazani kwenu inatokana na kila upande kujibu la kwake.

Tuanze na Ramadhani, kwa sababu hapo ndipo ami ametia chumvi. Mwaka 1995 mwezi mtukufu uliandama mwanzoni mwa Februari. Fainali ya Houston ya Hakeem na Orlando ya Shaq ilichezwa Juni, mwezi wa Muharram, Mfungo Nne kwa hesabu yetu ya pwani. Kwa hiyo siku aliyomkabili Shaq, Hakeem hakuwa kwenye saumu ya Ramadhani. Ami asivunjike moyo lakini, maana ukweli wenyewe ni mtamu vilevile: Februari ile ile, akiwa anafunga, Hakeem alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Mechi nyingi za ligi ile huanza usiku, jua limeshazama, mtu keshafuturu. Kazi ilikuwa kwenye mechi za mchana, hasa za wikendi, ambapo wenzake walikuwa wakinywa maji kila mapumziko na yeye anawatazama. Mtu wa futi saba kasoro, mwenye misuli ile, akimbie dakika arobaini na koo kavu. Wewe unayejua kucheza kwenye sementi wakati wa kaskazi, unaelewa ninachosema, hata kama wao wanachezea ndani kwenye ubaridi.

Sasa hiyo nne bila. Ni kweli, Houston Rockets waliwafunga Orlando Magic mechi nne kwa sifuri. Lakini mfululizo ule ulivunjika usiku wa kwanza, na aliyeuvunja wala si Hakeem. Orlando walikuwa kwao, wakaongoza hadi kwa pointi 20. Houston wakarudi pole pole. Zikiwa zimebaki kama sekunde kumi, Orlando walikuwa mbele kwa pointi 3, na Nick Anderson akasimama kwenye mstari wa mitupo huru, ile ya adhabu ya faulo, ya pointi moja moja. Akakosa wa kwanza. Akakosa wa pili, akauwahi mwenyewe mpira uliorudi, akachezewa faulo tena. Akakosa wa tatu na wa nne. Mmoja tu kati ya ile minne ungetosha kuifunga mechi. Upande wa pili Kenny Smith wa Houston akatia wa pointi 3, wakaenda muda wa ziada, na huko mwenzake Clyde Drexler alipokosa, Hakeem akausukuma mpira ndani kwa ncha za vidole: 120 kwa 118. Smith peke yake alitia mitupo 7 ya pointi 3 usiku ule. Na kuna jambo ambalo vijana wa sasa hawalijui: msimu ule ligi ilikuwa imeusogeza mstari wa pointi 3 karibu na kikapu, mita 6.7 kila upande, kwa hiyo timu iliyozungusha watupaji kandokando ya senta hodari ilikuwa imeokota dhahabu. Houston waliiona mapema kuliko wengine. Orlando hawakuinuka tena baada ya usiku ule.

Ukiwatazama wenyewe kwa wenyewe, picha inabadilika. Katika mechi zile nne Hakeem alipata wastani wa pointi 32.8, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 11.5 na asisti (pasi za kufungisha) 5.5. Shaq alipata pointi 28, ribaundi 12.5 na asisti 6.3. Hakeem alitupa mara 29 kwa mechi na kutia chini kidogo ya nusu. Shaq hata mara 19 hakufika, na alitia karibu sita katika kila kumi. Mmoja alikuwa na miaka 32 na kombe la mwaka uliopita nyumbani. Mwingine alikuwa na miaka 23, msimu wake wa tatu tu katika ligi. Mimi hapo simwoni Shaq aliyepigwa. Namwona Hakeem aliyebeba zaidi, akafunga zaidi na kushinda, na kijana aliyesimama naye bega kwa bega huku wenzake wakiwa wamepoteana. Basi nne bila ni ya Houston, na ami ana haki ya kuifurahia. Akitaka kutuonyesha senta aliyemtawala senta mwenzake, kanda hiyo si yake.

Kanda yake ipo, na ni ya wiki chache nyuma yake. Ningekuwa ami ningewaacha Orlando nikawataja San Antonio.

Houston waliingia mtoano wa 1995 wakiwa nafasi ya sita Kanda ya Magharibi, nusu moja ya ligi, na ushindi wa mechi 47 tu. Timu walizozitoa njiani zote zilikuwa na rekodi bora kuliko yao: Utah iliyoshinda 60, Phoenix 59, San Antonio 62, kisha ndiyo hao Orlando, 57. San Antonio walikuwa na David Robinson, mchezaji bora wa msimu ule, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Kabla ya mechi ya pili ya fainali ya Kanda ya Magharibi, Robinson alikabidhiwa tuzo yake katikati ya uwanja, Hakeem akitazama. Usiku huo Hakeem akafunga 41. Kwa mfululizo mzima alikuwa na wastani wa pointi 35.3, mbele ya mtu ambaye kazi aliyosifiwa kwayo ni kuzuia masenta. Hapo sina cha kumtetea Robinson, na wala mwenyewe hajawahi kuhitaji utetezi wangu.

Itafuteni mechi hiyo ya pili muitazame polepole, mkisimamisha. Kuna mpira mmoja ambao dunia nzima inaujua. Hakeem anaupokea akiwa ameupa ubao mgongo, pembeni, Robinson amemganda nyuma. Anainamisha bega kuelekea katikati kana kwamba ndiko anakokwenda. Robinson anahamisha uzito, kidogo tu, nusu ya unyayo. Hakeem keshageuka upande mwingine, ameunyanyua mpira kana kwamba anatupa, macho yameangalia pete. Robinson anaruka kwa nguvu zake zote. Na hapo ndipo penye ufundi: Hakeem bado yuko chini. Hajaruka. Anapenya chini ya mkono wa mwenzake, anauweka mpira kikapuni bila haraka, Robinson akiwa bado anatua. Watu husifu mabega na mikono ya mchezo ule. Mimi ninapowafundisha vijana hapa Malindi nawaambia wazibe nusu ya juu ya skrini kwa kitabu, watazame miguu tu. Nyayo za Hakeem ni tulivu mno kwa mtu mkubwa kiasi kile.

Utulivu huo hakuupata kwenye kikapu. Alizaliwa Lagos mwaka 1963, akakulia kwenye mpira wa mikono na soka, ambako alikuwa kipa, na kikapu alikigusa akiwa tayari kijana wa sekondari. Kipa hujifunza mapema kutoruka kabla ya mpigaji. Alipofika Houston kwa masomo ya chuo kikuu, likizo za kiangazi alicheza na Moses Malone, senta mzito aliyekuwa akimsukuma na kumwangusha bila huruma, na mtu asiyeweza kumsukuma mwenziwe hana budi kujifunza kumzunguka.

Na kuna mwaka 1994, ambao ndio unaonifanya mimi nimchague kwa lile swali langu la pili. Timu yake haikuwa na mchezaji mwingine hata mmoja aliyeitwa kwenye mechi ya nyota wa msimu ule. Alikuwa na watupaji wazuri na mabeki wakorofi, basi. Msimu ukaisha yeye akiwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali, vyote kwa mkupuo mmoja. Hakuna mwingine aliyewahi kuvikusanya hivyo. Katika fainali alikutana na Patrick Ewing wa New York, senta mwingine wa daraja la kwanza, na mechi ya sita ndiyo iliyoonyesha tofauti yake na Shaq. Houston mbele 86 kwa 84, sekunde za mwisho, John Starks anajiandaa kutupa wa pointi 3 ambao ungewapa New York ubingwa pale pale. Hakeem, senta, anatoka kumfuata mchezaji wa pembeni hadi nje ya mstari wa pointi 3 na kuugusa mpira angani. Siku tatu baadaye wakachukua kombe.

Shaq asingefika pale. Nalisema bila chuki. Ukimchukua senta wa kilo mia na arobaini ukamlazimisha atoke nje kumkimbiza mtupaji kila mara mwenziwe anapomkingia njia, unamchosha na unamwaibisha, na makocha wa Magharibi walilijua hilo. Sacramento mwaka 2002 walimtesa hivyo kwa mechi saba. Hakeem unamtoa nje na bado anarudi. Ndiye mchezaji pekee katika historia ya NBA mwenye bloku (mitupo aliyoizuia angani) zaidi ya 2,000 na mipira ya kupora zaidi ya 2,000, na bloku zake 3,830 bado ndiyo rekodi, ingawa ligi ilianza kuzihesabu mwaka 1973 tu, kwa hiyo masenta wa kabla ya hapo, Bill Russell na Wilt Chamberlain, wamedhulumiwa katika hesabu hiyo na wazee wakisema hivyo wasikilizwe.

Mpaka hapa ami anajipangusa ndevu kwa furaha. Sasa tuje kwenu.

Kuna kipimo kimoja ambacho mimi nakiamini kuliko pointi na ribaundi: wapinzani walilazimika kubadilisha nini kwa ajili ya mtu huyu? Senta mzuri anakufanya ubadilishe mpango wa mechi. Shaq aliwafanya wabadilishe timu. Kuanzia mwaka 2000, Shaq akiwa keshahamia Los Angeles Lakers, klabu yoyote ya Magharibi iliyokuwa na ndoto ya ubingwa ilibidi iajiri watu warefu wawili au watatu wa ziada, si kwa sababu wanajua mpira, bali kwa sababu kila mmoja ana faulo sita za kutumia juu yake. Watu walipata mishahara ya kumgonga Shaq. Msimu wake wa kwanza, 1993, aliiangusha mitambo ya vikapu mara mbili, Phoenix na New Jersey, ligi ikalazimika kuimarisha nguzo. Ni wachezaji wangapi mnaowajua waliosababisha chuma kibadilishwe?

Mwaka 2000 alikuwa na wastani wa pointi 29.7 na ribaundi 13.6 kwa msimu, na katika kura 121 za mchezaji bora alipata nafasi ya kwanza kwenye 120. Fainali ya mwaka huo dhidi ya Indiana: pointi 38 na ribaundi 16.7 kwa mechi, mbele ya Rik Smits, mtu wa mita 2.24. Mwaka uliofuata Philadelphia waliona mbali, wakamnunua Dikembe Mutombo katikati ya msimu. Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, Mungu amrehemu, alikuwa mlinzi bora wa ligi mwaka huo huo. Haikosi mliona ile mechi ya kwanza ambayo Allen Iverson alifunga 48 na Philadelphia wakashinda. Watu wanasahau kuwa Shaq naye usiku huo alikuwa na pointi 44 na ribaundi 20. Kwa mechi zote tano alimfunga mlinzi bora wa ligi wastani wa pointi 33. Lakers walimaliza mtoano ule wakiwa wameshinda 15 na kupoteza hiyo moja tu.

Mkitazama mechi zile, mtashangaa jinsi anavyofanya machache. Anakimbia mapema, mpira ukiwa bado nyuma, na kujipanga chini ya pete kabla ulinzi haujapangika. Anapokea kwa mikono miwili. Anadunda mara moja, kwa nguvu, na katika dundo hilo makalio yake yanamsogeza mlinzi hatua nzima. Kisha mguu wa ndani unatupwa nyuma ya mlinzi, anageuka, anaushindilia mpira kikapuni, danki. Hakuna kudanganya bega, hakuna kuonyesha na kuficha. Ukikutana na punda mwenye mifuko ya saruji kwenye kichochoro cha Langoni huulizi nani mwenye haki ya njia. Unajibanza ukutani apite, na hivyo ndivyo walivyofanya walinzi wengi wa enzi ile, ingawa walikuwa wakilipwa wasifanye hivyo. Ukikaa nyuma yake umekwisha. Ukikaa mbele yake, mpira unarushwa juu. Ukimbana wawili, anautoa nje kwa Robert Horry au Derek Fisher. Huyo Horry, kwa taarifa yenu, alishinda makombe mawili na Hakeem na matatu na Shaq, kwa hiyo siku mkimpata Lamu kwa likizo, mleteni barazani, huyo ndiye shahidi wa kweli.

Halafu kuna kanuni. Hadi mwaka 2001, NBA haikuruhusu ulinzi wa kusubiri eneo. Ilibidi umkabe mtu au umbane wazi wazi. Msimu wa 2001-02 kanuni ikalegezwa, ulinzi ukaruhusiwa kumzunguka senta hata kabla hajapokea mpira. Wengi walitabiri mwisho wa Shaq. Fainali ya 2002 akawapiga New Jersey wastani wa pointi 36.3.

Najua ami atakachojibu hapa: mitupo huru. Kila anayempinga Shaq anaingilia mlango huo, na si mlango mbovu. Kwa maisha yake yote alitia asilimia 52.7, aibu kwa mtu anayelipwa kucheza mpira. Katika mechi ya pili ya fainali ya 2000, Indiana walimpeleka kwenye mstari hadi akatupa mara 39, akatia 18. Lakini tupige hesabu, maana wanaobishana wengi hawapigi. Mtu wa asilimia 52.7 akitupa mara mbili, anakupa kwa wastani pointi 1.05. Timu ya kawaida ya enzi zile, ikishambulia bila faulo, ilipata pointi moja na ushei kwa kila shambulizi. Ni karibu sawa kwa sawa. Kumchezea faulo makusudi hakukuwa kumfilisi, kulikuwa kukubali bei yake ya kawaida huku ukipoteza wachezaji wako kwa faulo moja moja. Makocha waliendelea kwa sababu mbili: Lakers wakiachwa wacheze walipata zaidi ya timu ya kawaida, na mchezo ukikatika katika kila dakika hata Kobe Bryant, mfungaji mwenzake, anapoa. Na usiku ule wa mitupo 39? Shaq alimaliza na pointi 40 na ribaundi 24, Lakers wakashinda. Zaidi ya hapo, katika dakika mbili za mwisho wa mechi kanuni ilikuwa inaikataza hila hiyo kwa njia yake: ukimchezea faulo asiye na mpira, wapinzani wanatupa mmoja na mpira unabaki wao. Tatizo halisi lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba dakika hizo za mwisho kocha alisita kumpa mpira mkononi. Hakeem hakuwahi kuwa na shida hiyo. Alitia mitupo huru zaidi ya saba katika kila kumi, na mpira wa mwisho ulikuwa wake.

Hili la mwisho ni zito, nalo ndilo lililonifanya nigawe hukumu yangu. Shaq alihitaji mtu wa kumalizia: Kobe kwanza, Dwyane Wade baadaye, Miami, mwaka 2006. Kabla ya kumpata wa namna hiyo, timu zake zilitolewa kwenye mtoano bila kushinda hata mechi moja ya raundi waliyotolewa mara tano: 1994, 1995, 1996, 1998 na 1999. Vijana, hilo ami asipolitaja ni bahati yenu. Na ninyi msithubutu kumtajia mtoano wa 1999, Lakers walipowatoa Houston 3 kwa 1. Hakeem alikuwa na miaka 36 na mgongo umechoka. Kumshinda mzee si hoja, hata barazani.

Kwa hiyo mkirudi kwa ami, mgawaneni hivi: miaka mitatu bora ni ya Shaq, na hakuna senta niliyemwona akiibeba ligi mabegani kwa namna ile. Mchezaji kamili, wa pande mbili za uwanja na wa sekunde ya mwisho, ni Hakeem. Akikataa, mpeni kanda ya Mutombo. Mkikataa ninyi, awape ya Robinson.

Wanaomtaja Jokić na Embiid nitawajibu kwa ufupi, kwa sababu hapo sioni ubishi. Wote wawili waliingia ligini kupitia uteuzi wa 2014, ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu. Embiid, mzaliwa wa Yaoundé, alichaguliwa wa tatu, Jokić wa 41. Embiid akiwa mzima ni mfungaji wa kutisha: mchezaji bora wa msimu wa 2023, pointi 70 katika mechi moja dhidi ya San Antonio Januari 2024, na mwenyewe amesimulia jinsi alivyojifunza kwa kutazama kanda za Hakeem. Shida ni hilo neno, akiwa mzima. Magoti hayakumpa nafasi, na Philadelphia hawajawahi kuvuka raundi ya pili ya mtoano wakiwa naye. Jokić ana tuzo tatu za mchezaji bora, 2021, 2022 na 2024, ana ubingwa wa 2023 na Denver, na msimu wa 2024-25 alimaliza na wastani wa zaidi ya kumi katika pointi, ribaundi na asisti, jambo ambalo senta yeyote kabla yake hakulifanya. Anatawala kwa pasi, bila kuruka, bila misuli, na walinzi hawajui wamkabe wapi kwa sababu yeye mwenyewe anaridhika popote. Jokić, tena kwa mbali. Mechi zao huchezwa kwetu usiku wa manane kuelekea alfajiri, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani mnaweza kuzitazama mkila daku na mkahakikisha wenyewe.

Mdogo wako amuige Hakeem. Si kwa sababu ya ubishi wenu. Ni kwa sababu mwili wa Shaq haufundishiki, na mtoto wa miaka 15 akijaribu kucheza kwa kusukuma atawazoea watoto wenziwe wembamba, kisha siku atakapokutana na mtu mzima wa kilo zake hatakuwa na kitu kingine mfukoni. Urefu anao. Apewe miguu.

Kwa miezi ya kwanza asitupe kabisa anapofanya zoezi hili. Asimame kama hatua mbili kutoka kikapuni, mgongo kwenye ubao, wewe umpe mpira na umwekee kiganja mgongoni. Aupokee kwa kutua na miguu yote miwili kwa pamoja, ili awe huru kuchagua mguu wowote uwe egemeo, yaani ule usioinuka. Akitua mguu mmoja mmoja keshajifunga. Kisha aangalie juu ya bega upande wa katikati, kichwa na bega tu, asubiri hadi ahisi kiganja chako kinahama, ndipo ageuke upande wa pili. Makosa yatakayojitokeza ni yale yale kwa kila mtoto: atageuka kabla hujahama, kwa sababu ana haraka ya kufunga. Usimkemee. Ukiona amegeuka mapema, bakia pale pale umemziba njia, ataelewa mwenyewe. Akishaweza upande wa kulia, aanze upya kushoto, na huko atakuwa kama hajawahi kushika mpira.

Uwanja wa nje ukiwa na mchanga juu ya sementi, ufagieni kabla hajaanza, kwa kuwa egemeo likiteleza refa atampulizia ametembea na mpira hata kama hakukusudia, na goti nalo halipendi. Baada ya zoezi ndiyo atupe mitupo huru, akiwa amechoka, asiache hadi atie mitano mfululizo. Kusi likivuma sana atupe kwa upinde wa chini kidogo. Na ami akiwa hana la kufanya jioni hiyo, mpeni yeye kazi ya kuweka kiganja.